Dawa imepata chombo. Maelezo yake yasiachwe gatini

Wakati wa likizo iliyopita nilikuwa kwetu Amu, nimeketi dakani pamoja na mama yangu na ami yangu, fundi wa majahazi mstaafu aliyezaliwa na kulelewa Matondoni. Mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, akatujia na kijitabu cha sayansi mkononi, akaniuliza swali ambalo kwa mtu aliyetunukiwa shahada ya uzamifu katika isimu lilistahili kuwa jepesi. "Mjomba, neno hili lina maana gani? Nalisoma na kulirudia, lakini silielewi." Neno lenyewe lilikuwa liposomu.

Nilimjibu kwa haraka ya mwalimu asiyetaka kuonekana amekwama. Nikamwambia kuwa asili yake ni Kiyunani: lipos ni mafuta na soma ni mwili, hivyo basi ni kijimwili cha mafuta, nacho hutumika kupeleka dawa mahali inapotakiwa. Maelezo yaliyobaki niliyamwaga kwa Kiingereza kitupu, kwa kuwa ndivyo nilivyoyasoma. Mpwa wangu akatikisa kichwa kama wanafunzi watikisavyo wanapotaka mwalimu anyamaze. Mama yangu, ambaye alikuwa akisikiliza muda wote, akauliza: "Mwanangu, hiyo ndiyo sindano niliyodungwa wakati wa korona? Mbona mimi sikuambiwa kuwa ina mafuta?"

Nikamwomba kadi yake ya chanjo. Kenya ilipoanza kuchanja mwezi Machi 2021 ilitumia chanjo ya AstraZeneca, ambayo haitumii chombo cha mafuta. Lakini mwezi Agosti mwaka huo chanjo ya Moderna iliwasili nchini, na Septemba ikafuata ya Pfizer, nazo zote mbili husafirishwa mwilini ndani ya chembe ndogo mno za mafuta. Kadi ya mama ilionyesha kuwa alidungwa mojawapo ya hizo mbili. Alikuwa ameibeba sayansi hiyo mkononi mwake kwa miaka kadhaa, na hapakuwa na mtu aliyemweleza ni kitu gani. Mwanawe, msomi wa lugha, hakuwa na maneno ya kumweleza.

Walimu wenzangu na wanafunzi wapenzi, aibu hiyo si yangu peke yangu. Ndiyo iliyonisukuma kuandika makala haya.

Siku ile aliyetutoa matatani alikuwa ami yangu. Aliuliza, "Hayo mafuta yamo ndani ya dawa, au dawa imo ndani ya mafuta?" Nikamwambia kuwa dawa ndiyo iliyo ndani. Akacheka. "Basi hicho ni chombo. Nasi hatukushusha chombo majini bila ya kukipaka deheni." Wasomaji wa bara huenda wasilijue neno hilo. Deheni ni mchanganyiko wa shahamu na chokaa unaopakwa sehemu ya chombo inayozama ili kuzuia maji na wadudu watoboao mbao. Sehemu ya juu hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Fundi wa Matondoni hakuhitaji kufundishwa kuwa mafuta na maji hayapatani. Amejenga riziki yake juu ya ugomvi huo.

Ugomvi huo ndio msingi wa liposomu. Yapo mafuta ya namna ya pekee, ambayo wanakemia huyaita fosfolipidi, ambayo kila molekuli yake ina kichwa kipendacho maji na mikia miwili iyakimbiayo. Molekuli hizo zikitiwa majini hazitulii mpaka mikia ijifiche. Hujipanga safu mbili, mikia ikielekeana ndani na vichwa vikielekea maji. Kisha safu hizo hujikunja zikawa kitufe chenye maji katikati. Utando wa kila seli ya mwili wa binadamu umejengwa kwa mpango huo huo. Dawa iyeyukayo katika maji hupakiwa tumboni mwa kitufe hicho, na ile iyeyukayo katika mafuta hupachikwa ubavuni mwake. Upana wake aghalabu hukaribia nanomita 100, maana yake ni kuwa vitufe 10,000 vikipangwa mstari mmoja havizidi urefu wa milimita moja.

Aliyevitambua vitufe hivyo ni Mwingereza Alec Bangham, aliyekuwa akifanya utafiti huko Babraham karibu na jiji la Cambridge mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miaka ya 1970 ilipoanza, Gregory Gregoriadis na wenzake walianza kuonyesha kuwa kitu kile chaweza kupakiwa dawa. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha dawa ya Doxil, ambayo ni dawa ya saratani iliyotiwa ndani ya liposomu.

Mwanafunzi ana haki ya kuuliza: kuna haja gani ya chombo, ilhali dawa yaweza kudungwa ikafika yenyewe? Jibu liko katika nchi yetu. Katika kaunti za Baringo, Pokot Magharibi, Turkana, Marsabit na Wajir kuna maradhi ya kala-azar, yanayoenezwa na usubi, mdudu arukaye aliye mdogo kuliko mbu. Vimelea vyake huingia katika seli za ulinzi, zile ambazo kazi yake ni kumeza takataka za mwili, vikajificha humo ndani ya ini, bandama na uboho. Mgonjwa hupata homa isiyokatika, tumbo hufura kwa bandama iliyovimba, mwili hukonda, na asipotibiwa aghalabu hufa.

Ipo dawa ya tangu miaka ya 1950, amfoterisini B, inayoviua vimelea hivyo pamoja na kuvu wa aina nyingi. Lakini ikidungwa bila ya chombo huzagaa mwilini kote, ikamletea mgonjwa homa na mtetemeko, na kudhuru figo zake. Dawa hiyo hiyo ikipachikwa katika liposomu, kama ilivyo katika dawa iitwayo AmBisome, mambo hubadilika. Seli zile zinazomeza takataka huviona vitufe vya mafuta zikavimeza pia, nazo ndizo nyumba walimojificha maadui. Chombo hupokewa bandarini pale pale palipo na vita, na figo husalimika kwa kiasi kikubwa.

Nisije nikadhaniwa kuwa nasifia tu. Nchini India ilionekana mwaka 2010 kwamba dozi moja tu ya AmBisome huwaponya karibu wagonjwa wote wa kala-azar. Watafiti walipojaribu dozi moja huko Ethiopia na Sudan, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa haikutosha. Maradhi yenye jina moja hayakuwa na tabia moja katika nchi zote, na lau tungalipokea ushauri wa kwingine bila ya kuupima kwetu, wangaliumia watu wetu. Tena dawa hiyo ni ghali. Mwaka 2011 kampuni ya Gilead ilikubaliana na Shirika la Afya Duniani kuitoa kama msaada kwa nchi zilizoathiriwa, na kitu kinachotegemea msaada kina siku zake. Isitoshe, chupa zake zinatakiwa kuwekwa katika joto lisilozidi nyuzi 25 za Selsiasi. Mwenye kuijua Turkana au Wajir ajua maana ya sharti hilo.

Katika eneo letu zipo habari njema pia. Uganda ilishiriki pamoja na Botswana, Malawi, Afrika Kusini na Zimbabwe katika utafiti juu ya homa ya uti wa mgongo isababishwayo na kuvu, ambayo huwaua wengi miongoni mwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa dozi moja kubwa ya amfoterisini B ya liposomu, ikifuatana na vidonge vya dawa nyingine mbili, haikuwa duni kuliko matibabu ya kawaida ya siku saba za sindano, na madhara yake yalikuwa machache. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani liliyapendekeza matibabu hayo. Na chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, iliyozinduliwa nchini Kenya huko Homa Bay mwezi Septemba 2019, imechanganywa na kiamshi cha kinga ambacho ndani yake mna liposomu.

Sasa tuje kwa hilo neno "akili". Wanasayansi husema juu ya vyombo vya mafuta vyenye akili, na hapo mwalimu wa lugha hana budi kusimama. Chombo hicho hakifikiri. Kinachosemwa ni kuwa kimeundwa kitende jambo fulani kinapokutana na hali fulani. Mafuta yaliyotumiwa katika chanjo za Moderna na Pfizer, kwa mfano, hayana chaji yanapokuwa katika damu; lakini yakishamezwa na seli na kufika katika kifuko chake chenye ukali wa asidi, hupata chaji chanya, yakaupasua ukuta wa kifuko na kuushusha ujumbe wa mRNA ndani ya seli. Doxil nayo huvikwa vazi linalofanya seli za ulinzi zichelewe kuitambua. Wapo watafiti wanaovibandika vitufe alama za kuzitambua seli za saratani, na wengine wanaovitengeneza vifunguke kwa joto; nyingi ya juhudi hizo bado zimo maabarani au katika majaribio. Mwanafunzi akiambiwa "chombo chenye akili" bila ya maelezo hayo, ataamini miujiza. Na mgonjwa akiambiwa hivyo, ataogopa.

Kwamba ataogopa si dhana tupu. Tunakumbuka uvumi uliotanda mwaka 2021, kwamba ndani ya chanjo mna mtambo wa kumfuatilia mtu, kwamba mna kitu cha kukata kizazi. Wengi wetu tulioelimika tuliwacheka waliosadiki. Lakini mtu akiambiwa kwa lugha asiyoijua kuwa anatiwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, zinazojua pa kwenda mwilini mwake, tulitaraji afikirie nini? Pahali palipo na maelezo yaliyo wazi, uvumi hubishana nayo. Pahali pasipo na maelezo, uvumi hukalia kiti kisicho na mwenyewe.

Watasema wapinzani kuwa Kiswahili hakina msamiati wa mambo haya. Hoja hiyo naisikia vyuoni kila mwaka, na najua pa kuipeleka. Naipeleka kwetu. Visiwa hivi vya Amu, Pate, Manda na vinginevyo vilikuwa vikiandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu karne nyingi kabla ya shule za serikali. Utendi wa Tambuka wa Mwengo bin Athumani uliandikwa Pate mwaka 1728. Katika zama zetu, marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Matondoni aliyefariki mwaka 2017, alitumia maisha yake kutafuta maneno. Yeye ndiye aliyetupa neno runinga. Njia yake ilikuwa kuzitafuta lahaja na lugha za jirani kwanza kabla ya kubisha hodi kwa wageni. Na utenzi wake wa Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka 1979, unaeleza jinsi chombo cha Amu kinavyoundwa, ukiyahifadhi maneno ya ufundi ambayo vijana wa leo wameanza kuyasahau. Sambo ni chombo. Na chombo ndicho tunachokitafuta hapa.

Hata hivyo sitaki kuifanya kazi ionekane nyepesi kuliko ilivyo. Nilipomwambia mpwa wangu tukiite kitu hiki "chombo cha mafuta", aliangua kicheko. Katika Amu ya leo, ambako bandari mpya imejengwa, chombo cha mafuta ni meli iletayo petroli. Neno jipya halina budi kuogopa maneno yaliyotangulia. Nadhani kibebadawa linafaa kwa jina la jumla la chochote kibebacho dawa mwilini, na liposomu libaki kama lilivyo, kama vile virusi na molekuli zilivyobaki. Utando tunao. Seli tunayo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa Dar es Salaam tangu mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Kukopa jina si dhambi. Kiswahili kimekopa tangu kizaliwe. Ubaya ni kulikopa jina tukaacha maana yake ng'ambo.

Wengine watasema kuwa mitihani ya biolojia nchini Kenya ni kwa Kiingereza, na kwamba mwalimu atakayetumia Kiswahili darasani atawapotezea wanafunzi alama. Nawaelewa. Mimi mwenyewe nililelewa na mfumo huo, na sipendekezi uvunjwe kesho asubuhi. Lakini tujiulize: mwanafunzi anayeweza kuliandika neno katika karatasi ya mtihani, na asiweze kumweleza nyanya yake, amelijua neno lile, au amelikariri? Nimewafunza wengi wa namna hiyo, na siku ile dakani niligundua kuwa nami ni mmoja wao.

Katiba yetu ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Katiba hiyo hiyo inampa kila mtu haki ya afya. Sioni jinsi haki ya pili itakavyotimia bila ya kuitumia lugha ya kwanza. Mtu hawezi kukubali kwa hiari kitu asichokielewa. Tunao mfano mwema wa kuigwa jirani: katika kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome kule Kilifi, wanaoombwa kushiriki katika majaribio huelezwa kwa Kiswahili na kwa Kigiriama kabla ya kutia sahihi. Kama jambo hilo lawezekana kwa mtafiti anayetaka ridhaa, lashindikana vipi kwa mwalimu anayetaka kuelewesha?

Naomba basi mambo matatu, na yote yamo katika uwezo wetu. Kwanza, walimu wa sayansi na walimu wa Kiswahili katika shule moja wakutane mara moja kwa muhula, wachague mada moja ya sayansi mpya, na kuwapa wanafunzi kazi ya kuieleza katika insha ya Kiswahili kwa msomaji asiyeenda shule. Insha hiyo isahihishwe na walimu wote wawili: mmoja aangalie ukweli, mwingine lugha. Pili, vyuo vikuu vyetu vitake kila tasnifu inayohusu afya ya watu wa nchi hii iwe na ikisiri ya Kiswahili. Tatu, sisi wanaisimu tutoke maofisini tukaonane na wauguzi, wafamasia na mafundi, kwa maana maneno mengi tunayoyatafuta yamo vinywani mwa watu ambao hatujawauliza. Mimi nilikuwa na deheni nyumbani kwetu miaka yote nisijue kama ni somo la kemia.

Sidai kuwa maneno yatapunguza bei ya AmBisome, wala kuwa yataipoza chupa ya dawa katika mashua iendayo Faza, Kizingitini au Kiunga jua likiwa kali. Hayo yanataka fedha na mipango, na wenye dhamana wayashughulikie. Lakini raia asiyejua kuwa dawa hiyo ipo hawezi kuidai, na asiyejua kuwa inataka baridi hawezi kuuliza kwa nini jokofu la zahanati yake limeharibika. Ujuzi hutangulia madai.

Jioni ile, kabla ya adhana ya magharibi, mpwa wangu alichukua karatasi akamchorea bibi yake duara lenye safu mbili za vichwa na mikia. Akamwambia: "Bibi, hiki ni kidau kidogo sana. Ubavu wake ni mafuta, nje yake maji, ndani yake maji. Dawa imepanda humo. Kikifika kwenye seli, seli inakimeza, na dawa inashuka." Mama aliitazama karatasi kwa muda. Kisha akauliza swali ambalo sijapata kuulizwa na mwanafunzi yeyote wa chuo kikuu: "Na hicho kidau chenyewe, kikisha kushusha, huenda wapi?"

Mpwa wangu akanitazama, nami nikamtazama. Tulikuwa na jibu, kwamba mafuta yake huvunjwavunjwa na mwili kama mafuta mengine. Na safari hii tulilitoa kwa Kiswahili. Mwanamke asiyepata kuingia darasa la biolojia alikuwa ameuliza swali la mtafiti, kwa sababu tu aliambiwa kwa lugha yake. Ni maswali mangapi ya namna hiyo yanayokufa kila siku katika vyumba vyetu vya madarasa na vya madaktari, kwa kuwa waliokuwa nayo hawakupewa lugha ya kuyaulizia?